Dohani ya Jiko la Kuni na Afya ya Mapafu: Kasoro za Kawaida na Namna ya Kuzirekebisha

Utangulizi

Mama mwenye umri wa miaka 48, mkulima wa viazi katika kijiji cha nyanda za juu mkoani Njombe, anafika zahanati kwa mara ya nne katika muda wa miezi saba. Anakohoa, kifua kinambana hasa alfajiri, na akipanda kilima kwenda shambani hulazimika kusimama mara mbili ili apumue. Hajawahi kuvuta sigara. Makohozi yake yamepimwa kifua kikuu na vimelea havikuonekana. Amepewa antibiotiki mara tatu. Kila mara alipata nafuu ya siku chache, kisha kikohozi kikarudi. Safari hii mhudumu anamwuliza, "Mama, nyumbani mnapikia nini?" Anajibu kwamba wanapikia kuni, ila jiko lao ni la kisasa, lina dohani. Mhudumu anaandika kwenye kadi: "Jiko lina dohani," kisha anaendelea na maswali mengine.

Mfano huu umetungwa kwa ajili ya somo, lakini mhudumu yeyote aliyefanya kazi katika maeneo ya baridi atautambua. Swali lililoulizwa lilikuwa zuri, ila liliishia njiani. Kuwapo kwa dohani hakuonyeshi kwamba dohani hiyo inatoa moshi nje. Dohani huziba, hupasuka, hushika kutu na kuangukiwa na viota vya ndege. Inapofikia hali hiyo, familia huendelea kuiamini huku moshi ukibaki ndani. Makala haya yanaeleza jinsi dohani inavyofanya kazi, kasoro zinazojitokeza mara nyingi, namna ya kuzirekebisha kwa vifaa vinavyopatikana kijijini, na maswali ambayo mhudumu wa afya anapaswa kuyauliza.

Moshi wa kuni hufanya nini mwilini

Kuni zisizoungua kikamilifu hutoa mchanganyiko wa gesi na chembechembe ndogo sana. Zilizo hatari zaidi ni zile zenye kipenyo kisichozidi mikromita 2.5, yaani ndogo kuliko unene wa unywele wa binadamu kwa takriban mara thelathini. Chembechembe hizo hupita pua na koo bila kuzuiwa, zikafika kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, na nyingine hupenya hadi kwenye damu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unashauri wastani wa mwaka usizidi mikrogramu 5 katika kila mita moja ya ujazo wa hewa. Katika jiko la ndani lenye moto wa wazi, vipimo mara nyingi hufikia mamia ya mikrogramu wakati wa kupika.

Shirika hilo lilikadiria kwamba mwaka 2020 uchafuzi wa hewa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani, vikiwemo zaidi ya 237,000 vya watoto wenye umri chini ya miaka mitano. Magonjwa yanayohusika ni nimonia kwa watoto, ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa kwa watu wazima, saratani ya mapafu, magonjwa ya moyo na kiharusi. Moshi huo umehusishwa pia na mtoto wa jicho na kuzaliwa kwa watoto wenye uzito pungufu. Wanaoathirika zaidi ni wale wanaokaa karibu na moto kwa saa nyingi: wanawake wanaopika, watoto wanaobebwa mgongoni, na wazee wanaoota moto.

Ushahidi kuhusu majiko yenye dohani

Tafiti mbili zinafaa kusomwa pamoja. Ya kwanza ilifanyika katika nyanda za juu za magharibi ya Guatemala, ikiongozwa na Kirk Smith, na matokeo yake yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2011. Kaya 534 zilishiriki. Nusu zilijengewa jiko la kuni lenye dohani, na nusu ziliendelea na moto wa wazi. Kiwango cha kaboni monoksidi walichovuta watoto wa kundi la kwanza kilipungua kwa takriban nusu. Punguzo la nimonia kwa jumla halikuwa kubwa kiasi cha kuwapa watafiti uhakika, lakini nimonia kali yenye upungufu wa oksijeni ilipungua kwa takriban theluthi moja. Katika utafiti huo majiko yalikaguliwa mara kwa mara na kasoro zikarekebishwa.

Utafiti wa pili ulifanyika katika jimbo la Odisha nchini India, ukichapishwa mwaka 2016 na Rema Hanna, Esther Duflo na Michael Greenstone. Ulifuatilia kaya zipatazo 2,600 kwa muda wa hadi miaka minne. Humo majiko yenye dohani yalitolewa, kisha familia zikaachwa ziyatumie kama zinavyotumia vyombo vingine vya nyumbani. Katika mwaka wa kwanza moshi uliovutwa ulipungua. Baadaye faida hiyo ilitoweka, na hapakuonekana nafuu katika utendaji wa mapafu. Familia nyingi hazikuyatumia majiko hayo mara kwa mara, wala hazikuyatunza inavyotakiwa.

Nchi ni mbili na mazingira ni tofauti, hivyo haifai kusema kwamba utunzaji peke yake ndio uliotenganisha matokeo. Hata hivyo, fundisho kwa zahanati ni bayana: dohani inahitaji kufuatiliwa kama dawa ya ugonjwa sugu inavyofuatiliwa. Kuitoa mara moja na kuisahau hakutoshi.

Jinsi dohani inavyovuta moshi

Hewa ya moto ni nyepesi kuliko hewa baridi, hivyo hupanda. Inapopanda ndani ya dohani huacha nafasi nyuma yake, na hewa mpya huingia kupitia mdomo wa jiko kuijaza. Mvuto huo hutegemea mambo matatu: joto la moshi, urefu wa dohani, na njia isiyo na kizuizi. Kasoro karibu zote zinazoelezwa hapa chini huharibu mojawapo ya mambo hayo.

Mvuto unaweza kupimwa bila kifaa chochote. Jiko likiwa limewaka kwa dakika kumi, shikilia kijinga kinachofuka moshi, au ubani, mbele ya mdomo wa jiko. Moshi wake ukiingia ndani, dohani inavuta. Ukisimama au kurudi usoni, kuna kasoro. Fanya hivyo pia kwenye viungo vya bomba na kuzunguka sufuria, ili kuona mahali moshi unapovuja.

Kasoro za kawaida na marekebisho yake

1. Kuni mbichi. Mti uliokatwa karibuni unaweza kuwa na maji yanayofikia nusu ya uzito wake. Nguvu ya moto huishia kuyachemsha maji hayo, moshi hutoka ukiwa umepoa, na dohani hushindwa kuvuta. Kuni zinazofaa zina unyevu usiozidi asilimia 20. Zipasuliwe, zipangwe kwa nafasi juu ya vigogo ili zisiguse ardhi, zifunikwe juu na kuachwa wazi pembeni kwa miezi sita au zaidi. Kwenye mvua nyingi zihitaji muda mrefu kuliko huo. Kuni kavu hujulikana kwa nyufa kwenye ncha zake, wepesi wake, na mlio mkali zinapogonganishwa. Mbichi hutoa mlio mzito. Mti wowote, uwe mwati, mkaratusi au msindano, ni lazima ukauke kwanza.

2. Masizi na lami. Moshi uliopoa huacha ndani ya dohani utando mweusi, mkavu kama unga au wenye kunata kama lami. Utando huo hupunguza upana wa njia na unaweza kushika moto. Jiko linalowashwa kila siku likaguliwe kila mwezi. Utando ukifikia unene wa milimita 3, dohani isafishwe. Mahali pa kukagulia ni kwenye tundu la chini la kusafishia: weka kioo kidogo chini ya tundu na utazame juu. Dohani nyoofu isiyoziba itaonyesha mwanga wa anga.

3. Tundu la pili lililo wazi. Majiko mengi ya matofali yana matundu mawili ya sufuria. Mpishi anapotumia sufuria moja na kuacha tundu la pili bila kufunikwa, moshi hutokea hapo kabla ya kufika kwenye dohani, na hewa baridi inayoingia hupunguza mvuto. Hali huwa hivyo pia sufuria inapokuwa ndogo kuliko tundu. Tundu lisilotumika lifunikwe kwa kifuniko cha chuma au cha udongo uliochomwa, na sufuria ndogo iwekewe pete ya bati inayoziba nafasi inayobaki. Marekebisho haya hayagharimu kitu kikubwa, nayo huleta tofauti siku hiyohiyo.

4. Nyufa za jiko na viungo vilivyoachana. Udongo hupasuka kwa kupata moto na kupoa. Nyufa zizibwe kwa udongo wa kichuguu uliokandwa pamoja na mchanga na majivu, au majani makavu yaliyokatwakatwa. Ufa uloweshwe kwanza ili udongo mpya ushike, kisha uachwe ukauke polepole kabla ya kuwasha moto mkubwa. Saruji ya kawaida haifai karibu na moto, kwa kuwa joto kali huipasua. Bomba la bati lililotobolewa na kutu libadilishwe. Kulibandika udongo ni msaada wa siku chache tu.

5. Dohani fupi au iliyo mahali pabaya. Dohani inayoishia chini ya paa hujaza moshi ndani, na inayoishia chini ya kilele cha paa hurudishiwa moshi na upepo. Kanuni inayotumiwa na mafundi ni kwamba dohani ipande angalau sentimita 90 juu ya mahali inapotokea kwenye paa, na iwe juu kwa sentimita 60 kuliko sehemu yoyote ya paa au jengo lililo ndani ya mita 3 kutoka hapo. Miti inayoifunika ipunguzwe matawi.

6. Bomba lenye kona nyingi au linalolala. Moshi hupungua mwendo kwenye kona, na masizi hujikusanya hapo. Bomba linalopanda wima ni bora. Ikilazimu kupinda, kona zisizidi mbili, na sehemu inayokwenda pembeni iwe na mwinuko kuelekea juu.

7. Mdomo wa juu ulioziba. Ndege hujenga viota, majani huanguka, na wavu wa kuzuia cheche hujaa masizi. Dohani inahitaji kofia ya bati inayozuia mvua, yenye nafasi ya kutosha pembeni kwa moshi kupita. Iangaliwe kabla ya msimu wa baridi kuanza, hasa ikiwa jiko halikutumika kwa muda mrefu.

8. Chumba kisichoingiza hewa. Dohani haiwezi kutoa hewa ambayo haikuingia. Familia inapofunga madirisha na kuziba matundu yote kwa nguo ili kuzuia baridi ya Juni na Julai, moto hukosa hewa na moshi hurudi. Pawepo tundu lisilozibwa karibu na usawa wa moto, na tundu jingine juu karibu na dari.

9. Majivu na kuni zilizosongamana. Majivu yakijaa huzuia hewa chini ya moto. Yaondolewe kila siku yakiwa yamepoa, yawekwe kwenye chombo cha chuma nje ya nyumba, kwa sababu makaa yaliyofukiwa ndani yake yanaweza kubaki na moto kwa siku kadhaa. Kuni chache nyembamba zinazosukumwa kidogo kidogo huungua vizuri kuliko gogo kubwa linalofuka.

10. Dohani baridi wakati wa kuwasha. Asubuhi ya baridi, hewa nzito hujaa ndani ya bomba na kusukuma moshi chini. Washa kwanza karatasi au maganda makavu ya mahindi karibu na tundu la dohani mpaka lipate joto, kisha anza moto wa kuni nyembamba.

Kusafisha kwa usalama

Jiko lipoe kabisa kabla ya kusafishwa. Brashi ngumu au gunia lililofungwa kwenye kamba na kutiwa jiwe hupitishwa kutoka juu hadi chini mara kadhaa, kisha masizi huondolewa kupitia tundu la chini. Anayepanda juu ya paa awe na ngazi imara na mtu wa kuishikilia. Kuvunjika mguu hakufai kuwa gharama ya kusafisha jiko.

Masizi yenyewe ni sumu. Mwaka 1775 daktari wa upasuaji Percivall Pott wa London alieleza kuhusu saratani ya ngozi ya korodani kwa wasafishaji wa dohani, na maelezo yake yanahesabiwa kuwa miongoni mwa ya mwanzo kuhusisha saratani na kazi ya mtu. Anayesafisha avae nguo za mikono mirefu, afunike pua na mdomo, aoge kwa sabuni mara amalizapo, na nguo zake zifuliwe peke yake. Watoto, wajawazito na wenye pumu wawe mbali.

Bomba la bati lenye ukuta mmoja liwe umbali wa sentimita 45 au zaidi kutoka kwenye mbao na nyasi za paa. Masizi yakishika moto ndani ya dohani, husikika mngurumo mkubwa na cheche huruka juu. Watu wote watoke nje, mdomo wa jiko ufungwe ikiwa inawezekana kufanya hivyo bila hatari, na msaada uitwe. Maji yasimwagwe ndani ya dohani yenye moto, kwa kuwa huipasua. Jiko lisiwashwe tena kabla fundi hajalikagua.

Hatari isiyoonekana: kaboni monoksidi

Dohani inaposumbua, baadhi ya familia huingiza jiko la mkaa ndani ili kupata joto, zikiamini kwamba mkaa ni salama kwa kuwa hautoi moshi mwingi. Imani hiyo imeua watu. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksidi kwa wingi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hujishika kwenye himoglobini kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara mia mbili. Hatari ni hiyohiyo pale mtu anapofunga kabisa njia ya dohani usiku wakati makaa bado ni mekundu, ili joto lisipotee. Jiko la mkaa lisilale chumbani hata kama dirisha limeachwa wazi kidogo, na dohani isifungwe hadi makaa yazimike.

Dalili za awali ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu, ambazo kwa urahisi hudhaniwa kuwa malaria au chakula kibaya. Mhudumu aishuku sumu hii endapo watu kadhaa wa nyumba moja wameugua kwa pamoja bila homa, au mgonjwa hupata nafuu akitoka nyumbani na kuzidiwa anaporudi.

Hapa pana mtego kwa wahudumu. Kipima oksijeni cha kidoleni hakitofautishi himoglobini iliyobeba oksijeni na ile iliyobeba kaboni monoksidi, hivyo kinaweza kuonyesha asilimia 98 kwa mgonjwa aliye hatarini. Historia ya mgonjwa iaminiwe kuliko namba hiyo. Atolewe kwenye hewa safi, apewe oksijeni ya kiwango cha juu kwa barakoa bila kusubiri vipimo, na apewe rufaa. Katika hewa ya kawaida kiwango cha gesi hiyo kwenye damu hupungua kwa nusu katika saa 4 hadi 6. Kwa oksijeni kamili ya barakoa, katika takriban saa moja hadi moja na nusu. Mjamzito apewe kipaumbele hata kama dalili zake ni ndogo, kwa kuwa mtoto aliye tumboni huathirika zaidi.

Maswali ya mhudumu wa afya

Kwa kila mgonjwa wa kikohozi sugu, pumu isiyotulia au mtoto mwenye nimonia inayojirudia, maswali haya huchukua dakika mbili:

- Mnapikia na kuota moto kwa nini, na katika chumba gani?
- Kama kuna dohani, moshi hutokea wapi jiko linapowashwa: juu ya paa, mdomoni mwa jiko, au kwenye nyufa?
- Dohani ilisafishwa lini mara ya mwisho, na nani aliisafisha?
- Kuni hukaushwa kwa muda gani, na zinahifadhiwa wapi wakati wa mvua?
- Je, jiko la mkaa huingizwa ndani usiku?
- Mtoto huwa wapi chakula kinapopikwa?

Majibu yaandikwe kwenye kadi na kuulizwa tena katika ziara inayofuata. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaweza kufanya jaribio la kijinga wakati wa kutembelea kaya.

Maswali haya hayachukui nafasi ya uchunguzi. Kikohozi cha wiki mbili au zaidi kichunguzwe kifua kikuu. Mtoto anayepumua mara 50 au zaidi kwa dakika akiwa na umri wa miezi 2 hadi 11, au mara 40 au zaidi akiwa na umri wa mwaka 1 hadi kabla ya kutimiza miaka 5, atibiwe nimonia bila kuchelewa. Anayebonyea kifua, anayeshindwa kunyonya au aliyelegea apelekwe hospitali mara moja.

Hitimisho

Dohani nzuri hupunguza moshi, lakini haiuondoi wote, na moshi unaotoka juu ya paa huwarudia jirani. Kwa hiyo lengo la mwisho linabaki kuwa gesi, umeme na nishati nyingine safi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Tanzania mwaka 2024 unakusudia kuwafikia asilimia 80 ya wananchi ifikapo mwaka 2034. Kati ya leo na siku hiyo, mamilioni ya watu watapika kwa kuni kila jioni, na mapafu yao hayawezi kusubiri.

Turudi kwa mama wa Njombe. Kama mhudumu angeuliza swali moja zaidi, yaani moshi hutokea wapi, angejibiwa kwamba tangu msimu wa mvua hutokea mdomoni mwa jiko, na kwamba dohani haijasafishwa tangu ilipojengwa. Angepelekwa hospitali kupimwa utendaji wa mapafu, kwa kuwa huenda tayari ana ugonjwa sugu wa njia za hewa, ambao masizi yakiondolewa hautapona. Lakini angeacha kuuongeza kila alfajiri anapochochea moto. Na mjukuu wake, anayelala mgongoni mwake uji unapochemka, angekuwa na nafasi ya kukua na mapafu mazima.